Ukurasa Niliouruka

Nimesomesha elimu ya jamii miaka kumi na tisa, yote hapa Maskati, na katika miaka yote hiyo somo nililolipenda kuliko mengine lilikuwa la vita. Nalisema hili kwa aibu. Darasa la tisa tulikuwa na sura nzima, ya wiki tano, kuhusu sheria za vita na misaada ya kibinadamu: nani raia na nani askari, hospitali inalindwa vipi, mkimbizi ana haki gani, mfungwa wa vita asifanyiwe nini. Watoto waliosinzia kwenye sura ya umwagiliaji walikuwa wakiamka. Wakaguzi wakitaka kuja darasani, nilikuwa nawaomba waje wiki hizo.

Skuli yetu ni ya binafsi, haiko mbali na Madinat Sultan Qaboos. Watoto wake ni wa kila namna: Waomani kama sisi, ambao nyumbani kwao bibi bado anagombeza kwa Kiswahili, na Wahindi, Wamisri, Wajordani, watoto wa madaktari na wahandisi. Tunasomesha kwa Kiingereza, nao wakigombana wanagombana kwa Kiarabu. Hapa nimeyatia maneno yao katika Kiswahili, maana ndiyo lugha ninayokumbukia mambo.

Muhula wa pili wa mwaka ule alikuja msichana kutoka Khartoum. Miaka kumi na minne, mrefu, mikono ya sweta ameivuta mpaka vidoleni kwa ubaridi wa kiyoyozi. Wenzake wana mafaili manene. Lake lilikuwa na karatasi mbili. Baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati moja Al Khuwair tangu kabla ya vita vya kwao. Yeye na mama yake walimfuata baadaye, kwa njia ndefu, kupitia Misri. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye zile karatasi mbili. Niliyajua, na bado nikafanya nilichofanya, kwa sababu nilidhani mtoto kama yule ataona kwamba namheshimu.

Nilikuwa na zoezi nililolibuni mwenyewe, na nikilijivunia. Nikiliita Dakika Tano. Nagawa karatasi yenye mraba mtupu katikati, halafu naweka saa kwenye ukuta kwa projekta, inahesabu kurudi nyuma. Nasema: vita vimefika mtaani kwenu, mna dakika tano za kutoka, andikeni mtakachochukua. Saa ikilia, kila mmoja anasoma. Wanacheka kwanza, kisha wanaanza kubishana, kisha mmoja wao anasema, "Lakini hatukuandika dawa," na hapo ndipo ninapoanza kuwafundisha.

Siku ile mambo yalikwenda kama kawaida yake. Mmoja aliandika paka wake. Mmoja aliandika dhahabu ya mama yake, wenzake wakampigia makofi. Mvulana aliyekaa mbele, mtoto wa jirani zetu wa Mabela, aliandika jambia ya babu yake na chaja ya simu. Nilipofika kwa msichana wa Khartoum, mraba wake ulikuwa mtupu. Nikamwambia si lazima asome. Akasema, "Nina swali, Ustadha."

"Uliza."

"Mlango tuufunge au tuuache wazi?"

Sikumfahamu. Nikamwambia hilo halimo kwenye zoezi, lakini anaweza kuchagua.

"Ukiufunga wanauvunja," alisema, "halafu haufungiki tena. Ukiuacha wazi wanaingia tu. Sisi tulibishana juu ya mlango zaidi ya dakika tano."

Angeweza kuishia hapo, na mimi ningeweza kumshukuru na kuendelea. Badala yake nikamwambia, kwa sauti ile ya upole tunayoitumia walimu tukiona somo letu linafanikiwa, "Ungependa kutusimulia?"

Akatusimulia. Hakulia. Alisema bibi yake, habuba kama wanavyomwita kwao, alikuwa na ugonjwa wa sukari na mguu mmoja haukanyagi. Gari walilopata lilikuwa limejaa watu wa nyumba tatu. Habuba akasema yeye haondoki, amezaliwa mtaa ule na jirani yake yupo, atakuwa anamtazama. Mama akalia, mjomba akagomba, gari likapiga honi. Kazi ya msichana ilikuwa kujaza maji. Akajaza ndoo, sufuria, mabirika, jagi la blenda, vikombe vyote vya chai vya wageni, akavipanga sakafuni kuzunguka kitanda ili habuba asihitaji kusimama. Njia nzima mpaka nje ya mji alikuwa akipiga hesabu kichwani: vikombe vingapi kwa siku, ndoo itatosha siku ngapi.

Mvulana wa mbele ndiye aliyeuliza. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu hadithi iishe vizuri. "Na sasa yuko wapi bibi yako?"

"Yupo," alisema. "Mtandao tu haupo."

Kisha akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akakaa huko mpaka kengele ikalia.

Kesho yake asubuhi mama yake alikuwa ofisini kwangu kabla sijavua abaya. Mwanamke mwembamba, amejitanda thobe ya Kisudani ya rangi ya majivu. Nilimkaribisha chai, akakataa. Alifunga mlango mwenyewe.

"Jana mwanangu karudi nyumbani akaniuliza ndoo ya lita ishirini inamtosha mtu mmoja siku ngapi," alisema. "Miezi alikuwa hajauliza. Nilikuwa nimeshamtoa huko."

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno mengi, na yote yalikuwa ya kazini. Aliniacha nimalize.

"Mama yangu kafa," alisema. "Kafa wiki ya saba tangu tuondoke. Makaburini hapakufikika, kulikuwa na risasi barabarani. Jirani na wanawe wamemzika uani, mle mle nyumbani. Mimi na baba yake tunajua, katuletea habari mtu aliyetoka huko. Mtoto hajui."

Akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kila akitoka skuli anamrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Anamwambia kala nini, kafundishwa nini. Ujumbe haufiki, alama inabaki moja. Mimi namwambia mtandao wa mtaa wetu umekatwa. Ni kweli umekatwa. Hilo la mtandao si uongo."

"Mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka afanye mitihani. Mpaka azoee. Mpaka mimi niweze. Wewe ni mzazi?"

Nikasema ninao wawili.

"Basi niahidi hutamwambia."

Nikamuahidi. Alinipa mkono, mkono wake ulikuwa baridi, na akaondoka bila kuniaga.

Siku ile barabara kuu ya kurudi Mabela ilikuwa imejaa magari kama kawaida, nikapata muda mrefu wa kukaa garini na ahadi yangu. Niliona nimetenda jema. Mama ana haki juu ya mwanawe. Mwalimu ni mtu wa kupita.

Mama yangu anaishi nasi. Ana miaka sabini, magoti yamemchosha, lakini mchele hakubali mtu mwingine auchague. Nilimkuta na ungo mapajani, nikakaa chini karibu yake na kumsimulia yote, ya habuba na ya vikombe na ya ile alama moja ya simu. Sijui kwa nini nilimsimulia. Mambo ya vita kwetu hayakuwa yakizungumzwa. Mama alikuwa na miaka tisa mwaka ule wa sitini na nne Unguja, na nilichokijua mimi ni kwamba babu alikufa na wao wakaja Omani baada ya muda. Hivyo tu. Mtoto wa nyumba ile hajifunzi kuuliza. Anakua tu akijua mlango upi haufunguliwi.

Alisikiliza huku vidole vikiendelea na mchele. Nilipomaliza akasema, "Na wewe umemuahidi."

"Nimemuahidi, mama."

"Mimi niliambiwa baba kenda Mombasa kununua nguo za duka," alisema.

Sikuthubutu hata kujisogeza.

"Kila mtu aliniambia. Mama, shangazi, jirani. Kenda Mombasa, bahari chafu, atarudi. Nna miaka tisa, nikaamini. Nikafika kumi, nikaamini. Tukaja huku, mimi roho yangu inasema huyu akirudi kutoka Mombasa atatukosa, hatajua tumekwenda wapi. Nikamwandikia barua nikampa mama aipeleke posta. Akaipokea. Akanambia ntaipeleka. Unajua nilikuja kujua lini?"

"Lini?"

"Harusini, hapa hapa Maskati. Nna miaka kumi na saba. Nagawa chakula, nimeshika sinia ya biriani. Bibi mmoja ananambia, wewe si mtoto wa marehemu fulani, yule aliyeuliwa kwenye mlango wa duka lake? Umefanana naye, Mungu amrehemu. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nikampakulia. Nikaendelea kugawa mpaka sinia ikaisha."

"Ukamwambia mama yako?"

"Sikumwambia kitu. Kafa mama yangu hajui kama najua. Baba nimeshamsamehe kwa kufa. Kosa lake nini? Lakini wale walionambia Mombasa, mwanangu, wallahi nawasamehe asubuhi, jioni nimesharudi pale pale."

Akanipa ungo nimshikie, akainuka taratibu kwenda kuosha mikono. Hatukulizungumza tena.

Wiki mbili zilizofuata nilifundisha vibaya. Nilifuta mazoezi yote, nikasoma kitabu tu, sauti moja, watoto wakasinzia kama kwenye sura ya umwagiliaji. Msichana alikaa safu ya pili na kuandika kila kitu. Nikimtazama, naona zile alama moja moja zimepangana kwenye simu yake. Nilikuwa nikimwomba Mungu sura iishe.

Lakini mbele yetu kulikuwa na ukurasa mmoja niliokuwa nikiujua kwa moyo. Ni ukurasa kuhusu waliopotea. Unasema kwamba katika vita familia zina haki ya kujua yaliyowapata jamaa zao, na kwamba maiti watafutwe, watambuliwe, wazikwe kwa heshima, na makaburi yao yawekewe alama. Miaka yote nilikuwa nautumia kwa mjadala. Mwaka ule nilifika pale, nikafungua kurasa mbili kwa pamoja, nikaendelea na sehemu ya maghala ya chakula. Hakuna aliyesema kitu. Nikashusha pumzi.

Kengele ilipolia, wenzake walitoka kwa vurugu, yeye akabaki. Alikuja mezani kwangu na kitabu kimefunguliwa.

"Ustadha, umeruka ukurasa."

"Muda hautoshi," nilimwambia. "Hautokei kwenye mtihani."

"Mimi nimeusoma nyumbani." Aliweka kidole kwenye mstari. "Hapa panasema familia ina haki ya kujua. Familia ni nani? Ni wakubwa tu, au na mimi?"

"Na wewe," nilisema. Lilinitoka kabla sijafikiri.

Nje kulikuwa na kelele za mpira. Kisha akaniuliza, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje skuli ile: "Mama alikuja kwako. Alikwambia nini?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa swali hili garini, siku nyingi, na nilikuwa na jibu: alikuja kuniambia unasoma vizuri. Lilikuwepo mdomoni. Nikaona sinia ya biriani. Nikanyamaza, na nikanyamaza muda mrefu mno.

"Nenda kamuulize mama yako," nilisema mwishowe. "Leo. Mwambie mwalimu kasema umuulize."

"Basi kafa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema sivyo," alisema. Akafunga kitabu, akakitia begini, akafunga zipu mpaka mwisho, akavaa begi mabegani sawasawa. Alifanya kila kitu polepole na kwa mpango, kama anayeogopa kuvunja kitu. Mlangoni akageuka. "Maji yalimtosha?"

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. Na hilo kweli nilikuwa silijui.

Mama yake alinipigia simu alasiri ile ile. Sitayaandika yote aliyoniambia. Aliniambia nimemvua mtoto wake nguo mara mbili. Aliniambia sisi tunaokaa kwenye nchi za amani tunapenda sana ukweli, kwa sababu hautugharimu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsikiliza mpaka akachoka, kisha nikasikia anapumua tu, kisha akakata.

Siku ya pili yake nikaambiwa na karani wa skuli kwamba familia imeketi matanga. Mtu aliyekufa tangu mwaka uliopita alikuwa sasa ndiyo anafanyiwa msiba. Nilitaka kutokwenda. Mama yangu ndiye aliyeniambia, "Mtu kafiwa na wewe unamjua. Unauliza nini tena?" Akanitilia kahawa kwenye thermos, halua kidogo, na tende.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu Al Khuwair, nyuma ya majengo ya wizara. Viatu vya wanawake vilijaa mpaka kwenye ngazi. Mama mtu alinifungulia mlango mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alitazama thermos, akanitazama mimi, nikadhani atanifungia.

"Pita," alisema. "Mwenye kuja matangani harudishwi."

Nikakaa kwenye kapeti pamoja na wengine. Msichana alikuwa pembeni, amejifunika shela nyeupe, na alikuwa akimuuliza mama yake maswali mbele ya wageni wote, bila kupandisha sauti. Nani aliyemkuta? Jirani. Saa ngapi? Asubuhi. Alikuwa kitandani au sakafuni? Mama mtu akasita. Kitandani, alisema. Nani kamwosha? Mke wa jirani. Uani upande gani? Upande wa jikoni, kwenye kivuli. Wameweka alama? Wameweka matofali mawili. Kila jibu mama mtu alilitoa kama mtu anayetolewa mwiba, na kila jibu mtoto aliitikia kwa kichwa, akauliza lingine.

Halafu akauliza, "Ujumbe nilioutuma, ulikuwa unanisikia nikirekodi?"

"Nilikuwa nakusikia," alisema mama yake.

"Na ulikuwa unakaa tu chumba cha pili."

Mwanamke mmoja mzee akamwambia msichana inatosha, mwache mama yako, naye msiba ni wake. Msichana akaacha kuuliza. Hakulia hata pale. Mama yake ndiye aliyelia, na mtoto akamtazama kama mtu anavyotazama mvua kupitia dirishani. Nilikaa nusu saa, nikasoma Fatiha, nikaondoka. Ngazini nilikosea kiatu, nikarudi kukibadilisha, na hakuna aliyeniona.

Skuli iliniita. Mudira, mwalimu mkuu wetu, ni mwanamke wa haki na tumeanza kazi mwaka mmoja. Alikuwa na malalamiko ya mama mtu mezani, pamoja na ya wazazi wengine wawili walioona kwamba watoto wao wanarudi nyumbani na hofu. Aliniuliza kama nina la kujitetea. Nikamwambia kuhusu zoezi la Dakika Tano sina. Nililifanya mchezo wa saa ukutani, na mmoja wa waliokuwa mle darasani alikuwa ameshayapitia hayo kweli. Kuhusu ukurasa, nilimwambia, niliuruka nikifikiri ni huruma.

"Na kuhusu ahadi?"

"Niliivunja," nilisema.

Akaandika. Nikapewa onyo la maandishi, na sura ya vita ikatolewa mpaka itakapoangaliwa upya. Mpaka leo inaangaliwa.

Msichana alirudi baada ya siku saba. Alimaliza mwaka nasi. Alijibu alichoulizwa, alifaulu vizuri, na hakuja tena mezani kwangu baada ya kengele. Nilisikia kwa mwalimu wa Kiarabu kwamba nyumbani hakusema na mama yake kwa zaidi ya mwezi, akihitaji kitu anamwambia baba. Nilibeba habari ile kila siku, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Walimu wenzangu wawili waliniambia nilifanya sawa. Wengine waliacha kunywa chai na mimi. Sikuweza kukubaliana na hawa wala na wale.

Siku ya kuchukua matokeo, mwezi wa sita, jua limesimama juu ya lami, nilimkuta mama yake maegeshoni akijaribu kuzima alamu ya gari la kukodi. Nilimsaidia kutafuta kitufe. Gari likanyamaza, tukabaki tumesimama tunatazamana.

"Tunahama," alisema. "Baba yake kapata kazi Salala."

Nikamtakia heri.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Ameanza kula na mimi meza moja. Tangu wiki iliyopita. Hasemi, lakini anakula." Alijifuta jasho kwa ncha ya thobe. "Juzi kaniomba nimfundishe kupika mulaha, mchuzi wa bamia, kama wa mama yangu. Nikamwambia mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza unavyopikwa. Tukaupika hivyo hivyo. Ulikuwa mbaya."

Nilitaka kucheka, na nadhani na yeye alitaka, lakini hakuna aliyecheka. Msichana alikuwa anakuja kutoka langoni na bahasha yake ya matokeo. Alinisalimia kwa adabu, akafungua mlango wa mbele, akakaa kando ya mama yake, akavuta mkanda. Nilisubiri mpaka wakaingia barabara kuu, kisha nikarudi ndani, kwa sababu nilikuwa bado na darasa zima la wazazi wanaonisubiri.